Kutoka Tokyo mpaka Yogyakarta: kusoma, kupiga kazi na kupumzika

Alhamisi 16 Januari 2025, Tokyo

Nimefika Haneda asubuhi, anga safi kabisa ila baridi inakata masikio. Mdogo wangu anasoma masters hapa kwa skolashipu ya serikali ya Japani, mambo ya uhandisi wa maji, kaja kunipokea na muda wote kwenye treni anaangalia saa maana mchana anatakiwa awe labu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, sekondari, Tanga, na safari hii nimeipanga nianzie kwake halafu nishuke Indonesia kwa binamu yetu anayesoma Yogyakarta, na ninachotaka kukiona kwa macho yangu ni kimoja tu, watu wa nchi hizi mbili wanasomaje, wanafanyaje kazi na wanapumzika saa ngapi, kwasababu kwetu kila mkutano wa shule tunaambiwa tuige Wajapani na sijawahi kusikia mtu anatwambia Wajapani wanalala saa ngapi.

Nimeenda nae mpaka labu, nikakaa kona nasoma. Saa kumi na mbili jioni hakuna aliyenyanyuka. Saa moja, hakuna. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, profesa kawakataza kuondoka? Akaniambia, "Kaka, hajawahi kutukataza hata siku moja, ila taa ya ofisi yake inawaka, na senpai wetu yupo, sasa nani aanze?" Senpai ni mwanafunzi aliyekutangulia. Saa mbili na nusu kijana mmoja alivaa koti, akainama kidogo akawaomba wenzake radhi kwa kuwatangulia, wote wakamjibu kwa pamoja kumshukuru kwa kuchoka kwake, akatoka. Hayo maneno ni ya kila siku, wanayasema kila ofisi, ila mimi nilikaa nayo kichwani mpaka nalala, yani mtu kamaliza kazi yake na bado anaomba radhi kwenda nyumbani.

Ijumaa 17, Tokyo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, giza halijaisha, pale Ueno kwenye bustani wazee kwa vijana wamesimama wananyoosha mikono kwa kufuata piano ya redioni. Hii mazoezi ya redio ilianza mwaka 1928 na bado NHK, shirika lao la utangazaji, wanairusha saa hiyo hiyo kila siku, dakika kumi tu imeisha, watu wanapeana heshima wanatawanyika. Nimeipenda sana. Hakuna kiingilio, hakuna jezi, unakuja ulivyo.

Baada ya hapo treni ya Yamanote, ile inayozunguka jiji, kilomita 34.5 stesheni 30. Ninachokiona ni usingizi. Mbaba kashika mpini juu analala amesimama, dada kakumbatia begi kwenye kiti analala, na wote wanaamka stesheni yao sijui kwa ujanja gani. Mdogo wangu anasema hata kwenye mkutano mtu anaweza kusinzia na hasemwi sana, inachukuliwa kajituma mpaka kachoka, na cha muhimu ni kwamba yupo pale. Takwimu za OECD, umoja wa nchi nyingi zenye uchumi mkubwa, zinawaweka Wajapani mkiani kwa kulala, wastani wa saa saba na dakika 22 kwa siku kati ya nchi zilizopimwa. Unaweza kusema saa saba ni nyingi, ila ndo wa mwisho hao, wenzao wengine wanazidi saa nane.

Usiku tulipita mtaa mmoja karibu na stesheni, saa tatu imepita, watoto wa darasa la sita wanatoka ghorofani wamebeba mabegi mazito, wazazi wengine wako chini na baiskeli wanawasubiri. Hiyo ndo juku, tuisheni ya kulipia. Tokyo mitihani ya kuingia sekondari za binafsi inaanza tarehe 1 Februari kwahiyo sasa hivi ni wiki za mwisho na presha ipo juu. Mtoto wa miaka 12. Mtoto mmoja alikuwa anakula onigiri, kitonge cha wali, huku anatembea na karatasi ya maswali mkononi, na mimi kama mwalimu wa hesabu niliona ni uwiano na asilimia, maswali magumu kuliko ninayompa kidato cha pili.

Jumamosi 18, Tokyo

Leo ndo leo. Mtihani wa pamoja wa kuingia vyuo vikuu, nchi nzima kwa siku mbili, karibu watahiniwa laki tano mwaka huu. Zamani ulikuwa na jina lingine, huu wa sasa umeanza Januari 2021. Leo wana historia, jiografia, Kijapani na Kiingereza mpaka kile cha kusikiliza kwa spika za masikioni, kesho sayansi na hesabu na somo jipya la taarifa na kompyuta ambalo limeingia kwa mara ya kwanza.

Tulisimama nje ya geti la chuo kimoja asubuhi. Kimya, na umati wote ule! Walimu wa juku wamekuja na makoti marefu kuwapa vijana wao mikono, wengine wanawapa zile pakiti ndogo za joto za kuweka mfukoni na chokoleti ya KitKat, maana jina lake kwa masikio ya Kijapani linakaribia kusema utashinda tu. Binti mmoja alikuwa analia, mwalimu wake akamshika mabega mpaka akatulia akaingia. Nikakumbuka wanangu wa kidato cha nne, kilio kile nakijua.

Mdogo wangu aliniambia kitu nikakiandika hapo hapo, kwamba wenzake wengi wanasema walisoma sana kabla ya chuo kuliko walipoingia chuo. Ukishaingia chuo chenye jina kampuni itakuchukua kwa jina la chuo, itakufundisha yenyewe, kwahiyo miaka ya shahada ya kwanza kwa wengi ndo likizo ndefu ya maisha, klabu, kibarua cha mgahawani, safari. Labu kama ya kwake ni habari nyingine. Kwahiyo mapumziko yao yapo, ila yamerundikwa mahali pamoja, katikati ya mtihani na kazi.

Jumapili 19, Yushima

Yushima Tenjin ni hekalu la mungu wa elimu, ambaye alikuwa mtu kweli, Sugawara no Michizane, msomi na waziri aliyezaliwa 845 akafa 903 uhamishoni Kyushu baada ya kusingiziwa na mahasimu wake. Baada ya kifo chake majanga yakauandama mji mkuu, watu wakasema ni hasira zake, wakamjengea mahekalu, na leo wanafunzi wanamwomba awafaulishe. Vibao vya mbao vya dua vimening'inizwa tabaka kwa tabaka mpaka vinavimba kama mzinga wa nyuki. Mama mmoja alikuwa anaandika kwa niaba ya mwanae, taratibu, herufi moja moja. Nilitegemea kukuta vijana na nikakuta zaidi ni wazazi na mabibi.

Jumatatu 20, Tokyo

Leo nimepata bahati ya kula chakula cha mchana na rafiki wa mdogo wangu, Mjapani, yuko kampuni ya programu za kompyuta, ana miaka thelathini na kitu. Nikamuuliza moja kwa moja kuhusu vifo vya kazi. Akaweka vijiti chini. Akasema nchi ilibadilika baada ya Desemba 2015, yule binti wa miaka 24 wa kampuni kubwa ya matangazo aliyejiua baada ya miezi ya ovataimu kupindukia, serikali ikathibitisha ni kazi iliyomfikisha pale. Sheria ya kuzuia vifo vya namna hiyo ilikuwepo tangu 2014, ila ile yenye meno ilipita 2018 ikaanza Aprili 2019, ovataimu isizidi saa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka, na hata kukiwa na dharura na makubaliano maalum mwisho ni 720 kwa mwaka na mwezi mmoja usifike saa mia. Na kwenye likizo sheria hiyo hiyo ikasema mwajiri ahakikishe mfanyakazi anachukua angalau siku tano kwa mwaka. Hebu isome tena hiyo. Mfanyakazi ana haki ya siku kumi baada ya miezi sita, zinapanda mpaka ishirini, na ilibidi itungwe sheria ya kumlazimisha bosi amlazimishe mtu achukue siku zake mwenyewe.

Kwanini hamchukui? nikauliza. Akasema nikiondoka mimi kazi yangu anaibeba mwenzangu wa meza ya pembeni, na yeye hajaondoka, sasa nitarudi na zawadi ya biskuti niwagawie wote ofisini. Hapo ndo nikaelewa kwanini Japani ina sikukuu za kitaifa 16 kwa mwaka, ni nyingi. Mjapani anapumzika vizuri sana pale taifa zima linapopumzika, mwaka mpya, ile wiki ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, na Obon katikati ya Agosti watu wanaporudi kwao kukumbuka wazee waliotangulia. Hapo hakuna wa kumwomba radhi. Mji wa Tokyo umetangaza mwezi uliopita kwamba kuanzia Aprili watumishi wake wataweza kuchagua siku nne za kazi kwa wiki. Nikamuuliza utachagua ukipewa? Akajibu, "Kama wenzangu watachagua."

Jumanne 21, Odawara

Shinkansen, treni yao ya mwendokasi, kama nusu saa na kidogo kutoka Tokyo. Nimekuja kwa ajili ya mtu mmoja, Ninomiya Sontoku, aliyezaliwa hapa 1787 kwenye familia ya wakulima, mafuriko yakachukua mashamba, wazazi wakafa, akalelewa na baba yake mkubwa ambaye hakutaka ateketeze mafuta ya kuwashia taa kwa kusoma usiku, basi akalima mbegu zake mwenyewe za kukamua apate mafuta yake. Baadae akawa mtu wa kufufua vijiji vilivyofilisika. Sanamu yake ya utotoni, alipokuwa anaitwa Kinjiro, kabeba kuni mgongoni huku anasoma kitabu, iliwekwa kwenye shule za msingi nchi nzima kabla ya vita, nyingi za shaba ziliyeyushwa wakati wa vita metali zilipoadimika. Siku hizi kuna shule zimeweka sanamu yake akiwa amekaa chini, maana wazazi wanasema kusoma huku unatembea ni hatari na mtoto asibebeshwe mzigo.

Nimekaa muda mrefu hapo karibu na ngome, kwenye hekalu lake. Mtoto anayefanya kazi na kusoma kwa wakati mmoja namjua, ninao darasani, wanauza karanga asubuhi kabla ya namba. Kwahiyo simshangai Kinjiro. Kinachonigusa ni kwamba vizazi vya watoto vilipita mbele ya sanamu hiyo kila asubuhi na haikuwahi kuwaonyesha Kinjiro akiwa amelala.

Jumatano 22, Tokyo

Usiku wa mwisho, bafu la mtaa, sento, yen 550. Unaoga kwanza kwenye stuli ndogo, unajisugua mpaka unang'aa, ndo unaingia kwenye maji ya moto pamoja na wababa wa mtaa. Hakuna simu humo. Mzee mmoja alikuwa ameweka kitaulo kichwani amefumba macho, na wote tulikuwa uchi kwahiyo huwezi kujua nani bosi na nani fundi bomba. Nadhani hii ndo sehemu pekee Tokyo niliyoona watu wazima wamekaa bila kazi na bila aibu.

Alhamisi 23

Ndege, masaa nane hivi angani, tumefika Jakarta jioni, mvua ya masika yao, joto, foleni. Nimelala.

Ijumaa 24, Jakarta

Asubuhi nimepanda treni ya mjini, ile ya kwenda Bogor, na nilipoingia nikashtuka kwamba nimeshakaa kwenye viti hivi. Ni treni za Tokyo kweli! Tangu 2013 walinunua mamia ya mabehewa yaliyostaafishwa Japani, ukiangalia vizuri kuna vibao vya kiwandani bado vina maandishi ya Kijapani. Ila ndani maisha mengine. Watu wanaongea, mama kanigawia kiti cha mwanae, wanafunzi wanachekeana, na wanaosinzia pia wapo, msije mkadhani Jakarta watu wamelala nyumbani vya kutosha, wengi hapa wametoka Bogor na Bekasi na wameondoka alfajiri. Metro ya chini ya ardhi iliyofunguliwa Machi 2019 nayo imejengwa kwa mkopo wa Japani, kwahiyo njia ya kwenda kazini ya mtu wa Jakarta ina mkono wa Mjapani kila mahali.

Mchana nilikuwa barabara ya Sudirman kwenye maghorofa ya mabenki. Saa tano na nusu ofisi zinaanza kumwagika. Nikafuata watu, tukashuka chini kabisa kwenye maegesho ya magari ya jengo la ofisi, magari yametolewa upande mmoja, mikeka imetandikwa kwenye mistari ya kuegeshea, spika zimefungwa kwenye nguzo, imamu yupo, na waliokaa safu moja ni mameneja wenye kadi shingoni, walinzi, madereva wa pikipiki na koti zao za kijani. Tukaswali. Baada ya hapo hakuna aliyekimbia, watu wakala, wakavuta sigara, wakarudi ofisini mwendo wa saa saba na kitu. Nikamkumbuka yule kijana wa labu aliyeomba radhi kuondoka. Hapa bosi yupo safu ya tatu na kavua viatu kama wewe.

Jioni dereva wa pikipiki aliyenibeba, tumeongea kwa kutumia simu kutafsiri na Kiingereza chake kidogo. Anaanza alfajiri anamaliza usiku, siku ya mvua ndo anafanya zaidi maana watu wanalipa zaidi. Likizo? Hana. Sheria ya Indonesia inasema saa 40 kwa wiki, siku 12 za likizo ukishamaliza mwaka, na bonasi ya sikukuu, mshahara wa mwezi mzima, lazima ilipwe angalau siku saba kabla ya Idi. Nzuri mno hiyo bonasi, nimeipenda, ndo inayolipia nauli ya mamilioni ya watu kurudi vijijini kwao. Ila yeye programu ya simu inamwita mshirika, sio mwajiriwa, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa Indonesia wako nje ya ajira rasmi kama yeye. Kwahiyo anayesema Waindonesia wanachukulia mambo poa akae nyuma ya pikipiki hii kuanzia alfajiri mpaka saa nne usiku kwanza.

Jumamosi 25, njiani

Treni kutoka stesheni ya Gambir, Jakarta, mpaka Yogyakarta, safari ya masaa sita mpaka saba, mashamba ya mpunga yanameta, migomba, minazi, nikajiona kama napita Muheza. Nimesoma habari za humu nchini kwa kutafsiri, na gumzo lao mwezi huu ni likizo ya shule mwezi wa Ramadhani. Mwaka 1999 rais Abdurrahman Wahid alizifunga shule Ramadhani nzima ili watoto wafanye ibada, na mwaka huu wazo likarudi, wazazi wengine wakasema tutawaweka wapi watoto mwezi mzima sisi tuko kazini, wengine wakasema mtoto afunge kwa utulivu. Wiki hii hii mawaziri wametoa waraka, siku chache za mwanzo watoto wasomee nyumbani, kisha shule kuanzia tarehe 6 mpaka 25 Machi, halafu likizo ndefu ya Idi mpaka mapema Aprili. Wameigawa.

Na sio mara ya kwanza nchi hii kubishana kuhusu saa za mtoto. Mwaka 2017 waziri alitaka shule ziwe siku tano kwa wiki, saa nane kwa siku, na waliosimama kupinga walikuwa Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa kuliko zote ya Waislamu huko, kwasababu mchana ndo watoto wanakwenda madrasa na ukimweka mtoto shuleni mpaka jioni umeiua madrasa. Rais ikabidi atoe kanuni mpya isiyolazimisha. Mwaka 2023 gavana wa jimbo la Nusa Tenggara Mashariki, kule Kupang, akaagiza sekondari zianze saa kumi na moja alfajiri eti kujenga nidhamu, wazazi wakalalamika sana, ikasogezwa nusu saa. Saa kumi na moja alfajiri! Mtoto wa kike anatembea gizani kwenda kutafuta nidhamu. Mimi ni mwalimu na naomba hili lisije likavuka bahari likatufikia.

Jumapili 26, Yogyakarta

Binamu yangu yuko chuo kikuu cha Gadjah Mada, na chumba chake kiko pembeni ya mfereji, maji ya kahawia yanaenda taratibu, watu wanavua samaki, wengine wanakimbia mazoezi. Unaitwa Selokan Mataram. Kaniuliza, "Unajua nani aliuchimba huu?" Nikasema Waholanzi. Akatikisa kichwa.

Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java, na wakaanza kuchukua wanaume kwa lazima kwenda kufanya kazi migodini, kwenye reli, wengine wakapelekwa mpaka Burma, waliitwa romusha, na wengi hawakurudi. Sultani wa Yogyakarta, Hamengkubuwono wa Tisa, kijana tu wakati huo, akawaambia watawala wa Kijapani kwamba ardhi yake ni kavu, haitoi mavuno ya kuwapa, bora watu wake wachimbe mfereji wa kuunganisha mto Progo na mto Opak ili mpunga uote. Wakakubali. Basi watu wa Yogya wakachimba kama kilomita 30, kazi ya jasho na njaa, ila walichimba nyumbani, na wengi wakaokoka kupelekwa mbali. Mfereji unamwagilia mpaka leo.

Nimekaa ukingoni pale mpaka jua limezama. Na kabla ya Wajapani, Waholanzi kuanzia 1830 walimlazimisha mkulima wa Java atenge sehemu ya shamba lake alime kahawa, miwa na nili ya kuuza Ulaya, na hao hao wakaandika kwenye vitabu vyao kwamba Mjava ni mvivu. Kwahiyo leo mtu akinitajia uvivu wa watu wa nchi za joto namuuliza kwanza kazi hiyo ilikuwa ya nani na mavuno yalienda wapi, na swali hilo nalijua vizuri, babu yangu alikata mkonge.

Jumatatu 27, Yogyakarta

Sikukuu, Miraji ya Mtume. Kesho wameunganisha siku ya likizo ya pamoja, na Jumatano ni mwaka mpya wa Kichina, nayo sikukuu, kwahiyo ukianza na Jumamosi nchi nzima imepumzika siku tano. Serikali ndo inapanga, kila mwaka mawaziri watatu wanasaini kalenda, mwaka huu sikukuu 17 na siku kumi za likizo ya pamoja, na kwa kampuni binafsi hizo siku kumi ni hiari, ila mfanyakazi akizichukua zinakatwa kwenye zile 12 zake. Yani hapa pia, likizo yako wanakuchagulia na unaenda pamoja na wote! Nilikuja nikidhani nitakuta kinyume cha Japani na nimekuta wanafanana hapa, pande zote mbili mtu peke yake kupumzika ni kazi ngumu, wakipumzika wote inawezekana. Ila Indonesia hawakungoja kalenda tu, wana pumziko la kila siku pia, swala inakatiza mchana, na jioni kuna kijiwe.

Jioni tulienda kaskazini ya stesheni ya Tugu, mikokoteni ya chakula, mikeka barabarani, kahawa wanatumbukiza kipande cha mkaa unaowaka, inachemka tshhh, na vifurushi vidogo vya wali na dagaa au sambal, pilipili ya kusaga, kwenye jani. Wanafunzi wanakaa saa tatu nne hapo na glasi moja. Nikamuuliza binamu yangu wanasoma saa ngapi hawa? Akanionyesha kundi la pembeni, laptopu mbili katikati ya mkeka, wanafanya kazi ya kikundi ya takwimu, mmoja anapiga gitaa. Muuza kahawa alianza jioni na atafunga baada ya saa saba usiku, kumbe pumziko la hawa wote amelibeba yeye.

Na siwezi kuficha upande wa pili. Matokeo ya PISA ya 2022, ule mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, hesabu, Japani 536, Indonesia 366. Hilo ni pengo kubwa na halijibiwi na gitaa. Mtihani wa taifa waliufuta kabisa 2021 wakaweka tathmini ya kupima shule badala ya mtoto, na mimi naunga mkono kumwondolea mtoto hofu, lakini binamu yangu anayejitolea kufundisha kijijini anasema walimu ni wachache na vitabu haba, na hilo halihusiani na watoto kupenda au kutopenda kusoma.

Jumanne na Jumatano

Mvua. Nimefua, nimelala mchana kila siku na hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi 30, Taman Siswa

Hapa ndo Ki Hajar Dewantara alianzisha shule yake Julai 1922. Waholanzi walimpeleka uhamishoni 1913 kwa makala aliyoandika kuwasuta kwa kutaka wenyeji wachangie sherehe za uhuru wa Uholanzi wakati wao wenyewe wametawaliwa, akiwa huko akasoma elimu, akarudi, akafungua shule ambayo mtoto haadhibiwi ovyo, anacheza, anaimba, anacheza ngoma ya Kijava, na mwalimu kazi yake mbele ni kuwa mfano, katikati ni kuamsha ari, nyuma ni kumsukuma mtoto aende mwenyewe. Hayo ya nyuma ndo yameandikwa kwenye nembo ya wizara ya elimu mpaka leo. Tarehe aliyozaliwa, 2 Mei, ni siku ya elimu. Nikalinganisha na Kinjiro wa Odawara, pale mtoto yuko peke yake na mzigo wake na kitabu chake, hapa kuna mtu nyuma yake. Kama mwalimu nimechagua upande bila kusita, ingawa ule uvumilivu wa Kinjiro nautaka pia darasani kwangu.

Ijumaa 31, nje ya mji

Chuo cha kuandaa vijana kwenda kufanya kazi Japani, viko vingi sana Java ya kati. Vijana wamenyoa, sare moja, tulipoingia wakasimama wote wakatusalimia Kijapani kwa sauti moja wameinama. Asubuhi wanakimbia, wanasafisha vyoo wenyewe, wanahifadhi herufi, wanafundishwa kufika dakika kumi kabla. Njia ya wanagenzi wa kigeni ilianza 1993, wauguzi wa mkataba wa nchi hizi mbili walianza kwenda 2008, viza ya wenye ujuzi maalum 2019, na Japani imeshapitisha sheria ya kuuondoa ule mfumo wa wanagenzi uje mwingine ifikapo 2027 kwasababu ya malalamiko mengi ya unyonyaji.

Nikawauliza mnaogopa nini? Baridi, wakasema. Mnataka kampuni ya namna gani? Wakajibu karibu wote, yenye ovataimu nyingi. Nikapiga hesabu ubaoni pamoja nao. Kima cha chini Tokyo mwanzoni mwa 2025 ni yen 1,163 kwa saa, ukibadilisha ni kama rupia laki moja na elfu ishirini, na kima cha chini Yogyakarta mwaka huu ni rupia milioni 2.65 kwa mwezi. Yani chini ya siku tatu za saa nane kule ni mwezi mzima huku. Na ovataimu inaongezewa asilimia 25. Sasa mtu ambaye baba yake kaweka shamba rehani kulipia ada hapa, umwambie apumzike?

Nilimtumia mdogo wangu voisi kumuuliza niwaambie nini. Akajibu haraka, kwamba wasome mkataba wa Kijapani na wa kwao vyote viwili, ovataimu iandikwe kila siku kwenye daftari lao wenyewe, na ile likizo ya siku kumi baada ya miezi sita ni haki ya kila mfanyakazi hata mgeni, waiombe. Mwalimu wao akatafsiri, kijana mmoja wa mbele akanyoosha mkono akauliza, na kama Wajapani wenyewe kwenye kiwanda hicho hawaombi?

Mwalimu huyo alikaa mkoa wa Gunma, Japani, miaka mitatu kiwanda cha vipuri vya magari. Akamjibu kwamba mwaka wa kwanza hakuomba, aliswali Idi chooni wakati wa mapumziko ya chai, mwaka wa pili akaandika barua wiki tatu kabla akaeleza ni siku gani na kwanini, na akapanga na mwenzake wa mashine ya pembeni ambadilishie zamu, bosi akasaini siku hiyo hiyo, na mwaka wa tatu wakaomba Waindonesia wote wa kiwanda kwa barua moja.